Nani Ameshika Mkasi?

Ukisoma mashairi ya mapenzi yanayoandikwa na vijana wa Meru na Embu siku hizi, utadhani tunaishi mahali pengine kabisa. Mpenzi ni waridi. Mapenzi ni bahari. Moyo uliganda majira ya baridi, ukachanua majira ya machipuko. Machipuko gani, jamani? Sisi tuna masika na vuli, halafu ile Julai ya ukungu na jaketi. Bahari yenyewe ni safari ya usiku kucha kwa basi.

Lakini si jiografia inayonikera. Mshairi ana ruhusa ya kuazima bahari. Kinachonikera ni kazi ambayo picha hizi zinafanya. Zote zinasema kitu kimoja: mapenzi yalikuja, yakanibadilisha, mimi sikufanya lolote. Mvua ilinyesha, nikamea. Dhoruba ilipita, nikavunjika. Hakuna mtu ndani ya shairi. Hakuna aliyeamua, hakuna aliyekata, hakuna aliyefaidika. Nasema huo ni uongo, na ni uongo wenye hasara.

Chukua hilo waridi. Kaunti ya Meru ina mawaridi, tena mengi, kule Timau. Yanalelewa ndani ya grinihausi, yananyweshwa kwa mipira, yanakatwa kabla hayajafunguka, yanahifadhiwa kwenye baridi na kupandishwa ndege kwenda Ulaya. Waridi la Timau halichanui kwa bahati. Lina saa, lina bosi, lina bei. Ukimwambia msichana aliyeshinda kutwa akiyakata kwamba yeye ni waridi, usishangae akikuuliza mshahara uko wapi.

Washairi wa Lamu na Mombasa waliimba asumini, kweli. Lakini asumini ile ilichumwa na mtu, ikatungwa na mtu, ikavaliwa na mtu. Ua lilikuwa na mikono. Sisi tumechukua ua, mikono tukaiacha.

Kuna na ile ahadi ya kupendana milele kama barafu ya Mlima Kenya. Wasee, mmetazama juu hivi karibuni? Barafu ya Lewis, iliyokuwa kubwa kuliko zote mlimani, imekuwa ikipimwa tangu miaka ya 1930, na sasa ni mabaki tu. Mwaka 2021 Shirika la Hali ya Hewa Duniani lilionya kwamba barafu yote ya mlima huu inaweza kuisha katika miaka ya 2030. Na haikuyeyuka yenyewe. Kuna watu waliochoma makaa ya mawe na mafuta. Hata hapo, kwenye kitu tunachokiita asili, kuna mkono.

Halafu mugumo. Huo tunaupenda sana: nikumbatie kama mugumo. Wazee wetu waliuheshimu mti huu, na mimi nauheshimu. Lakini angalia unavyokua. Mara nyingi ndege huangusha mbegu kwenye tawi la mti mwingine. Mbegu inaota huko juu, inateremsha mizizi polepole, inamzunguka mwenyeji wake. Miaka inapita. Mti wa ndani unabanwa, unakosa mwanga, unakufa, unaoza, na mugumo unabaki umesimama na uwazi katikati. Ukiandika hivyo kama sifa, umesifia nini?

Tarehe 27 Januari 2024 wanawake na vijana waliandamana Nairobi na miji mingine ya Kenya kupinga mauaji ya wanawake. Hawakuwa wakilalamikia hali ya hewa. Lakini mtu aliyezoea kuimbiwa kwamba mapenzi ni dhoruba anajifunza kufanya kile watu hufanya wakati wa dhoruba: anajificha, anangoja ipite. Mwanamume anayekupiga hapiti kama mvua. Anajua mlango uko wapi.

Utaniambia: lakini mapenzi hutujia bila hiari. Sawa. Kupenda huenda kukaja bila hodi. Kubadilika ni kazi ya mtu.

Kama lazima tuwe miti, nenda kitalu chochote cha miche Embu uangalie wanavyopandikiza avokado. Mche wa kienyeji unakatwa kichwa. Kijiti cha Hass kinachongwa. Kidonda kinabandikwa juu ya kidonda, vinafungwa kwa plastiki, vinangojewa. Vyote viwili vimekatwa. Hiyo ndiyo picha ya mapenzi ninayoweza kuiamini.

Lakini tusisherehekee mapema. Sokoni tunda litaitwa Hass. Chipukizi la kienyeji likitokea chini ya kiungo, mkulima analikwanyua. Mzizi unanyonya maji, unabeba mti wote, na hakuna mnunuzi anayeuliza jina lake. Ni ndoa ngapi unazijua za aina hiyo? Dada anaacha chuo, anahama, marafiki wanapungua, na sisi tunasema mapenzi yamembadilisha. Hapana. Kuna chipukizi lililokwanyuliwa, na kuna aliyelikwanyua. Labda ni mume, labda ni mama mkwe, labda ni yeye mwenyewe baada ya kuombwa kwa sauti tamu. Shairi limtaje.

Ukweli huo unalinda hata sifa nzuri. Namjua kijana aliyeacha kutafuna muguka ili pesa ya jioni iwe ya maziwa ya mtoto. Msiseme mapenzi yalimchanusha. Aliacha mwenyewe, jioni baada ya jioni, akipita mbele ya kibanda kilekile, mkono mfukoni. Ukimwita ua, umemnyang'anya kazi yake.

Kwa hivyo sisemi tufukuze miti kwenye mashairi. Leteni majani chai, leteni mto Thuci, leteni mibuyu ya Tharaka. Lakini kila kitu kinapochanua au kukauka ndani ya mstari wako, jiulize ni nani alikuwa shambani siku hiyo, ameshika nini, na mavuno yalienda kwa nani. Kama hujui, shairi halijaisha.