UCHAMBUZI: Kilichoifikisha General Motors Mahakamani Hakikuanza Mwaka 2009

Juni 1, 2009, kampuni ya magari ya General Motors (GM), iliyoanzishwa mwaka 1908 katika mji wa Flint, jimbo la Michigan, iliwasilisha katika Mahakama ya Ufilisi ya New York maombi ya kulindwa dhidi ya wadai wake. Nyaraka zilizowasilishwa zilionesha kuwa kampuni hiyo ilikuwa na mali zenye thamani ya dola za Marekani bilioni 82.3, huku ikidaiwa dola bilioni 172.8. Kwa lugha nyepesi, kwa kila dola moja ya mali, GM ilikuwa inadaiwa zaidi ya dola mbili.

Hatua hiyo ilikuja mwezi mmoja baada ya kampuni ya Chrysler kuchukua uamuzi kama huo, Aprili 30. Kati ya kampuni tatu kubwa za Detroit, ni Ford pekee iliyobaki nje ya mahakama na nje ya fedha za uokoaji za serikali.

Ni vyema kueleza kwanza maana ya maombi hayo. Sura ya 11 ya Sheria ya Ufilisi ya Marekani haifungi kampuni wala kugawa mali zake kwa wadai siku hiyo hiyo. Inaipa nafasi ya kuendelea na kazi wakati madeni yakipangwa upya mbele ya jaji. Kwa upande wa GM, mali zenye uhai zilihamishiwa katika kampuni mpya, na madeni mengi pamoja na viwanda visivyohitajika vilibaki katika kampuni ya zamani.

Katika mpango huo, Serikali ya Marekani iliongeza takriban dola bilioni 30 juu ya takriban dola bilioni 20 zilizokwishatolewa, na kumiliki karibu asilimia 60 ya kampuni mpya. Canada ilipata kiasi cha asilimia 12, mfuko wa matibabu ya wastaafu wa chama cha wafanyakazi cha UAW asilimia 17.5, na wenye hati fungani asilimia 10. Wenye hisa wa zamani hawakutarajiwa kupata kitu. Juni 8, GM iliondolewa pia katika orodha ya Dow Jones, ambamo ilikuwemo tangu mwaka 1925.

Wengi wanautaja mtikisiko wa uchumi duniani kuwa chanzo cha anguko hili. Ni kweli kwamba mtikisiko umechangia kwa kiasi kikubwa. Wamarekani wengi hununua magari kwa mkopo, na benki zilipositisha mikopo mwishoni mwa mwaka 2008, wanunuzi walitoweka. Magari yaliyouzwa nchini humo yalishuka kutoka zaidi ya milioni 16 mwaka 2007 hadi takriban milioni 13 mwaka 2008. Hata hivyo, GM ilipata hasara ya dola bilioni 38.7 mwaka 2007, kabla benki ya Lehman Brothers haijaanguka. Mtikisiko uliikuta kampuni ikiwa tayari mgonjwa.

Chanzo cha kwanza ni ahadi. Mwaka 1950, GM na UAW walitia saini mkataba wa miaka mitano uliowapa wafanyakazi pensheni na matibabu ili nao wadumishe utulivu viwandani. Wakati huo GM ilikuwa ikielekea kuuza nusu ya magari yote ya Marekani, na gharama ilionekana ndogo. Kwa kuwa nchi hiyo haina bima ya afya ya taifa kwa watu wote walio katika umri wa kufanya kazi, mzigo wa matibabu uliangukia waajiri. Miaka ilivyopita, soko la GM lilipungua hadi takriban asilimia 22, mashine zikachukua nafasi za watu, na wastaafu wakawa wengi kuliko walio kazini. Katikati ya muongo wa 2000, gharama za matibabu pekee zilikadiriwa kufikia takriban dola 1,500 kwa kila gari. Washindani kutoka Japan waliojenga viwanda nchini humo miaka ya 1980 hawakuwa na jeshi kama hilo la wastaafu.

Chanzo cha pili ni kinga ya soko. Tangu mwaka 1964, Marekani inatoza ushuru wa asilimia 25 kwa malori madogo na pikapu zinazotoka nje. Kampuni za Detroit ziliegemea magari hayo makubwa, ambayo faida yake ilikuwa nono, na kuyapa magari madogo umuhimu mdogo. Bei ya petroli ilipovuka dola 4 kwa galoni katikati ya mwaka 2008, wateja waliyakimbia magari makubwa, na Detroit haikuwa na mbadala wa kutosha.

Wapo wanaowalaumu wafanyakazi. Lakini ipo historia inayopinga lawama hiyo. Mwaka 1984, GM na Toyota walifungua kwa ubia kiwanda cha NUMMI mjini Fremont, California, katika majengo ya kiwanda cha GM kilichokuwa kimefungwa baada ya kusifika kwa utoro na magari mabovu. Sehemu kubwa ya wafanyakazi wa zamani, wanachama wale wale wa UAW, walirejeshwa kazini chini ya utaratibu wa Toyota, na ndani ya muda mfupi ubora wa magari yao ukawa miongoni mwa ulio bora nchini humo. Kilichobadilika ni uongozi na utaratibu wa kazi. GM ilikuwa na somo hilo mikononi mwake kwa miaka 25, na ilichelewa mno kulisambaza katika viwanda vyake vingine.

Ford inatoa mfano mwingine. Mwishoni mwa mwaka 2006, wakati benki bado zilikuwa na fedha, mkuu mpya wa kampuni hiyo, Alan Mulally, alikamilisha mikopo ya dola bilioni 23.5 kwa kuweka rehani viwanda na hata nembo ya kampuni. Wakati ule hatua hiyo ilionekana ya kukata tamaa. Mwaka 2009 ndiyo iliyoipa Ford pumzi, ingawa nayo ilipata hasara ya zaidi ya dola bilioni 14 mwaka 2008.

Uokoaji wenyewe umezua swali zito la haki. Katika shauri la Chrysler, wadai wenye dhamana walipewa dola bilioni 2 kwa deni la dola bilioni 6.9, sawa na senti 29 kwa kila dola. Miongoni mwao ni mifuko ya pensheni ya walimu na polisi wa jimbo la Indiana, ambayo ilipinga hadi Mahakama Kuu ya Marekani kwa hoja kwamba mfuko wa wastaafu wa Chrysler ulitendewa vyema kuliko wao. Juni 9 mahakama hiyo ilikataa kuuzuia mpango, na siku iliyofuata Chrysler ikaingia katika ubia na Fiat ya Italia. Kwa hiyo, mstaafu mmoja amenusurika kwa hasara ya mstaafu mwingine.

Kwa Afrika Mashariki, athari za moja kwa moja zilikuwa ndogo. Magari mengi yanayoingia katika barabara za ukanda huu yanatoka Japan. Hata hivyo, mwaka 2009 GM ilikuwa ikimiliki zaidi ya nusu ya hisa za General Motors East Africa ya Nairobi, iliyokuwa ikiunganisha malori na mabasi ya Isuzu, ambamo Serikali ya Kenya nayo ilikuwa na hisa. Kampuni tanzu za nje ya Marekani hazikujumuishwa katika maombi ya Juni 1, hivyo kiwanda hicho hakikuwemo katika shauri hilo.

Funzo kubwa liko kwingine. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ahadi ya pensheni na matibabu ni deni kama madeni mengine, hata kama hailipwi leo, na inapaswa kutengewa fedha wakati mwajiri bado ana uwezo. GM iliahidi ikiwa tajiri, ikaahirisha kutenga fedha za kutosha, na mwaka 2009 mlipakodi wa Marekani, ambaye hakuwepo mezani mwaka 1950, ndiye aliyejenga ukuta huo.