Ada ya Bima Ikipanda, Tusikimbie Kila Mtu Peke Yake



Katika matawi tunayoyatembelea siku hizi neno bima latajwa kwa uchungu. Mwalimu aliyenunua gari kwa mkopo wa SACCOS, mwenye daladala mbili, kijana wa bodaboda, mama aliyejenga nyumba ya kupangisha kwa mkopo wa benki, wote wauliza swali moja: mbona ada yapanda na mapato yetu yamesimama palepale? Swali hilo ni la haki. Lakini majibu tunayoyasikia vijiweni si mazuri, na yafaa tuyaseme wazi kabla hayajatuponza.

Wako wasemao, tuache bima kabisa. Wako wasemao, tutafute stika yoyote ya bei rahisi tumwonyeshe trafiki, yaishe. Na wako wajanja wasemao, mali ya milioni 80 tuiandikishe kuwa ya milioni 40, ada itapungua nusu. Sisi twasema njia zote tatu zina mwisho mmoja. Zamrudisha mwananchi pale alipokuwa kabla ya bima: yu peke yake mbele ya msiba.

Kwanza tuelewe kwa nini ada yapanda. Bima kubwa ya gari hutozwa kwa asilimia ya thamani ya gari. Tuchukue mfano wa ubaoni. Gari ni la shilingi milioni 20 na kiwango ni asilimia 4. Ada ni 800,000. Ongeza kodi ya VAT ya asilimia 18, yaani 144,000. Jumla ni 944,000. Sasa bei ya gari la aina hiyo ikifika milioni 25, na kiwango kikabaki vilevile, jumla yafika 1,180,000. Hakuna aliyegusa kiwango, lakini mfuko wako umepungua kwa 236,000 zaidi.

Na kwa nini bei ya gari ipande? Magari yetu mengi ni mitumba ya Japani, na vipuri vyake hununuliwa kwa fedha za kigeni. Mwaka 2022 dola moja ilikuwa karibu na shilingi 2,300. Mwaka 2024 ilipita 2,600. Taa ya mbele, kioo na bampa vyote hufuata dola, na kampuni ya bima ndiyo ilipayo vitu hivyo gari likigongwa.

Tena makampuni yetu nayo hukata bima kwa makampuni makubwa zaidi, mengi yao ya ng'ambo, ili hasara kubwa isiyaangushe. Hiyo huitwa bima mtawanyo. Kimbunga Ian kilipoipiga Florida, huko Marekani, mnamo Septemba 2022, bei za bima mtawanyo zilipanda sana katika masoko ya dunia mwanzoni mwa 2023. Upepo uliovuma mbali huweza kufika mfukoni mwetu kwa njia hiyo.

Jambo hili taifa letu lilikwisha kuliona. Shirika la Bima la Taifa, NIC, lilianzishwa mwaka 1963. Mwaka 1967, baada ya Azimio la Arusha, biashara ya bima iliwekwa mikononi mwa shirika hilo, hata sheria ya mwaka 1996 ilipofungua mlango kwa makampuni ya watu binafsi. Mwaka 2004 TAN-RE ilianza kazi, ili sehemu ya fedha za bima mtawanyo ibaki nyumbani. Hatua hizo zilikuwa na maana. Lakini tusidanganyane: kuwa na shirika letu peke yake hakushushi bei ya kipuri kitokacho Japani. Kazi nyingine ni yetu wenyewe tulipao ada.

Basi tuzitazame zile njia tatu za vijiweni.

Kuacha bima. Bima ndogo, ile ya lazima kwa sheria, haimlipi mwenye chombo kwa chombo chake. Humlipa mtu wa pembeni: mtoto aliyegongwa akitoka shule, muuza mboga aliyekuwa kando ya barabara. Mwenye bodaboda asiye na bima akimvunja mtu mguu, huyo aliyevunjika atadai kwa nani? Ama atauguzwa na ndugu zake kwa michango, ama mwenye pikipiki atauza kiwanja chake. Wote wawili ni wananchi, na wote wawili ni maskini. Asemaye tuache bima, amewasahau wote wawili.

Kutafuta stika ya rahisi. Bei iliyo chini mno si rafiki. Mamlaka ya Bima, TIRA, imeweka viwango vya chini vya bima ya magari, na watu hulalamika kwamba Serikali yazuia bei kushuka. Lakini tazameni kwa jirani zetu wa Kenya. United Insurance ilikuwa na bima za matatu nyingi. Mwaka 2005 ilishindwa kulipa madeni yake ikawekwa chini ya usimamizi. Blue Shield ilifuata mwaka 2011. Wenye magari walikuwa wamelipa ada zao na stika zilikuwa kiooni, lakini madai ya majeruhi yalikosa mlipaji. Kampuni isiyoweza kulipa imeuza karatasi. Na stika ya bandia ni mbaya kuliko hiyo. Kila mmoja wetu aweza kuihakiki bima yake katika mfumo wa TIRA kwa namba ya gari, na afanye hivyo siku ileile anayolipa, kabla hajawasha gari.

Kuandikisha mali kwa thamani ndogo. Hapa wengi hupotea kwa kukosa hesabu. Mikataba ya bima ya nyumba huwa na kifungu cha wastani. Nyumba yenye thamani ya milioni 80 umeiandikisha milioni 40, yaani nusu. Moto unateketeza sehemu yenye thamani ya milioni 20. Wewe wangoja milioni 20, kampuni inakulipa milioni 10, kwa kuwa ulikata bima ya nusu nyumba. Umeokoa ada kidogo, umepoteza milioni 10, na benki bado yadai mkopo wake wote.

Lakini iko njia halali ya kupunguza ada ya nyumba, nayo ni kuandikisha thamani ya jengo bila ya kiwanja. Kiwanja hakiungui. Anayekata bima kwa bei ambayo angeuza nyumba pamoja na eneo lake mjini, analipia udongo. Vivyo hivyo gari: thamani yake ipimwe upya kila mwaka. Kampuni hulipa bei ya gari sokoni siku ya ajali, hailipi bei uliyonunulia miaka sita iliyopita. Mwenye kuandika kingi kuliko thamani hapati zaidi. Hulipa zaidi tu.

Ziko njia nyingine halali. Mwulize wakala ada itapungua kiasi gani ukikubali kubeba mwenyewe sehemu kubwa zaidi ya hasara ya kwanza. Uliza punguzo la mwaka uliopita bila madai, na upige hesabu kama mkwaruzo wa 150,000 wastahili kukupotezea punguzo hilo. Gari lililochakaa, ambalo halina mkopo, huenda latosha kwa bima ndogo. Na mkataba usomwe wote kabla ya sahihi. Asiyeweza kuusoma asomewe na mwenzake.

Hata hivyo, ndugu zetu, hila za mtu mmoja mmoja zina kikomo. Bima yenyewe ni nini? Ni wengi kuchangia ili mmoja aliyepatwa asizame. Watu wetu walilijua jambo hilo katika misiba na harusi kabla ya kuliona ofisini. Ajabu ni kwamba tunachangia kama umati, lakini twanunua kama mayatima. Walimu 40 wa wilaya moja wenye magari wanakwenda kwa mawakala 40, kila mmoja kwa siku yake, akiwa na haraka kwa sababu stika imekwisha jana. Mtu wa namna hiyo hana cha kujadili. Walimu hao 40 wakienda pamoja kwa SACCOS yao, wakiomba bei kwa makampuni matatu na kuuliza kila moja hulipa madai kwa muda gani, watasikilizwa. Hata kama kiwango cha chini hakivunjiki, watapata masharti bora na mtu wa kumfuata pakiwa na madai.

Tena bima haianzi mpaka ada ilipwe. Ndipo wengi huanguka, kwa kuwa 944,000 kwa mkupuo ni mzigo. Lakini ukiweka katika akiba ya kikundi kidogo chini ya 79,000 kila mwezi, mwaka ukiisha fedha ipo. Wenye bodaboda, ambao bima yao ndogo ni nafuu kuliko ya gari, waweza kufanya hivyo kwa fedha ya soda ya siku chache. Haba na haba hujaza kibaba.

Kampuni ikikataa kulipa bila sababu, tusiishie kulalamika kijiweni. Ipo Ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, iliyowekwa kwa sheria ya bima ya mwaka 2009. Viongozi wa matawi wajue ilipo na wamsaidie mwanachama kuandika barua.

Mwisho, liko neno tunalotaka kulifikisha kwa wabunge wetu. Kwa miaka mingi bima ndogo ya gari la mtu binafsi ilikuwa shilingi 118,000. Katika hizo, 100,000 ilikuwa ada na 18,000 kodi. Sheria yamlazimisha mwananchi kumkinga jirani yake, kisha yamtoza kodi kwa kutii. Twajua Serikali yahitaji fedha za barabara na hospitali. Lakini kila asiyekata bima huwaacha majeruhi wake wauguzwe kwa gharama ya hospitali hizohizo. Bima ya lazima ikiondolewa kodi, wengi zaidi watailipa. Kenya mwaka 2024 Muswada wa Fedha ulitaka kutoza kodi ya asilimia 2.5 ya thamani ya gari, ikusanywe wakati wa kukata bima. Wananchi walipinga, na mwezi wa Juni kifungu hicho kikafutwa. Wabunge husikia wanaposemeshwa na wengi kwa hoja.

Twataka basi kila tawi, katika mkutano wake ujao, liandike orodha ya wanachama wenye vyombo na nyumba zenye mikopo, pamoja na tarehe bima zao zinapokwisha. Hiyo ni kazi ya daftari moja na kalamu moja. Mwenye stika itakayokwisha mwezi ujao aanze kuulizia bei wiki hii, na asiende peke yake.