Aliyeshinda na Apande

Siku hizi jina la Bodø/Glimt latajwa sana na wapenda kandanda. Ni timu ya Norwei, yenye fulana za manjano, itokayo katika mji wa Bodø ulio mbali kaskazini, mahali ambapo katikati ya kiangazi jua halizami hata usiku. Mwezi wa Oktoba 2021 iliifunga Roma ya Italia mabao 6 kwa 1. Mwaka 2025 ilifika nusu fainali ya Ligi ya Europa, na kabla yake hapakuwa na timu ya Norwei iliyopata kufika hapo katika mashindano ya Ulaya. Hayo vijana wetu wayajua vizuri kuliko masomo yao. Lakini mimi nataka kusema habari za msimu mwingine, ambao wachache waujua: msimu wa 1975, timu hiyo ilipokuwa ingali katika Daraja la Pili. Kwa maoni yangu, msimu ule una fundisho kubwa kuliko yale mabao sita.

Yafaa kwanza tuielewe desturi ya zamani ya nchi ile. Hadi 1963 timu za kaskazini hazikuruhusiwa hata kushindania Kombe la nchi. Hadi 1972 hazikuruhusiwa kupanda Daraja la Kwanza, hata zikishinda namna gani. Watu waliamini kwamba wachezaji wa kaskazini hawawezi kusimama mbele ya wale wa kusini. Mwaka 1972 Mjølner, timu ya mji wa Narvik, ikawa ya kwanza kutoka kaskazini kucheza Daraja la Kwanza.

Mlango ulifunguliwa, lakini nusu tu. Daraja la Pili lilikuwa na makundi matatu, mawili ya kusini na moja la kaskazini. Bingwa wa kila kundi la kusini alipanda moja kwa moja. Bingwa wa kaskazini hakupanda. Alitakiwa kwanza acheze tena na timu zilizoshika nafasi ya pili kule kusini. Yaani wa kwanza wa huku alihesabiwa kuwa sawa na wa pili wa kule!

Glimt ilishinda kundi lake mwaka 1974, ikazuiliwa katika mechi hizo za nyongeza. Ikarudi, ikashinda kundi lake tena mwaka 1975, ikazuiliwa mara ya pili. Lakini mwaka uleule wa 1975 ilikuwa ikicheza mashindano ya Kombe, ambayo hayakuuliza mtu anatoka upande gani. Ikaendelea hadi fainali, na huko Oslo, katika uwanja wa Ullevaal, ikaifunga Vard ya Haugesund mabao 2 kwa 0. Ilikuwa timu ya kwanza ya kaskazini kulichukua Kombe. Basi tazameni ajabu hii: mabingwa wa Kombe la nchi nzima walirudi nyumbani kucheza Daraja la Pili.

Najua wako watakaosema, "Sheria ni sheria. Glimt walipewa nafasi wakashindwa uwanjani; wamlaumu nani?" Hoja hii si ya kudharauliwa, maana ni kweli kwamba walishindwa. Lakini swali langu ni hili: je, bingwa wa kusini aliulizwa mtihani ule? La, hakuulizwa. Watu wawili wakifanya mtihani mmoja wakafaulu, kisha mmoja akaambiwa aingie na mwingine akaambiwa afanye mtihani wa pili, huyo wa pili akianguka hatuwezi kusema kwamba wamepimwa kwa mizani moja.

Wengine watataja umbali. Kweli, kutoka Oslo mpaka Bodø ni zaidi ya kilometa 1,000, na baridi ya huko si mchezo. Lakini reli ilikuwa imekwisha fika Bodø tangu 1962, na ndege zilikuwa zikitua. Tena umbali ni uleule, mtu akiwa bingwa au akiwa wa mwisho. Kama njia haikuwa ndefu mno kwa mechi za nyongeza, mbona iwe ndefu mno kwa haki?

Tena dharau ina tabia mbaya ya kujitengenezea ushahidi. Timu za kaskazini zilifungiwa zicheze zenyewe kwa zenyewe, zisikutane na wenye nguvu. Kisha wakubwa wakasema, "Mwaona? Hawana nguvu." Ni kama kumnyima mtoto kitabu, halafu kumcheka kwamba hajui kusoma.

Malalamiko ya watu wa kaskazini yalikuwa makali. Glimt ilipanda mwaka 1976. Mwaka 1977, msimu wake wa kwanza kati ya wakubwa, ilishika nafasi ya pili katika ligi nzima. Wale walioitwa dhaifu walikuwa na nguvu hiyo siku zote. Kilichokosekana ni ruhusa.

Sisemi kwamba aliyepanda asishuke tena. Glimt yenyewe ilishuka mwaka 2016, na hakuna aliyelia kwamba imeonewa, kwa kuwa ilishushwa na pointi zake. Mwaka 2017 ikashinda daraja la chini na kurudi. Kisha ikawa bingwa wa Norwei mwaka 2020, timu ya kwanza kutoka kaskazini kupata heshima hiyo, ikifunga mabao 103 katika mechi 30. Ikatwaa ubingwa tena 2021, 2023 na 2024. Hiyo ndiyo ngazi ya haki: kila mtu hupanda kwa miguu yake na kushuka kwa miguu yake.

Ndugu wanafunzi, na ninyi wazee mliosoma hapa zamani ambao leo ni walimu, makarani na wakubwa wa kazi, jambo hili si la Norwei peke yake. Kila mwaka huja kwetu vijana kutoka shule ndogo za mbali, na kabla hawajagusa mpira wala kalamu tumekwisha kuwapanga katika akili zetu. Ninyi mnaochagua timu, na ninyi mnaochagua watu wa kazi, msiulize kwanza mtu ametoka wapi. Mpeni mtihani uleule mliompa mwenzake, na akishinda, mwacheni apande. Asiposhinda, atajua mwenyewe kwamba ameshindwa na mchezo, hakushindwa na jina la kijiji chake.