Mizani ya Nuskha Iwe Moja



Iko hoja inayozunguka katika sabla zetu, Ibra hadi Sur, na sasa katika simu za vijana: kwamba aya ya Utatu katika Waraka wa Kwanza wa Yohana, 5:7, imeongezwa, na kwa hiyo Biblia nzima ni ghushi. Nusu ya kwanza ya hoja hii ni kweli. Nusu ya pili ni uvivu.

Maneno yanayowataja mashahidi watatu wa mbinguni hayamo katika nuskha kongwe za Kiyunani, kama Sinaiticus na Vaticanus za karne ya 4. Yalienea katika nuskha za Kilatini. Erasmus alipochapa Agano Jipya kwa Kiyunani mwaka 1516, na tena 1519, hakuyatia. Aliyatia mwaka 1522, baada ya kutokea nuskha ya Kiyunani iliyoandikwa karibu na zama zake. Wataalamu wengi huona kuwa yalikuwa maelezo ya pambizoni, kisha mnakili akayaingiza katika matini.

Basi nani aliyeyafichua? Wakristo wenyewe. Isaac Newton aliandika juu yake mwaka 1690. Biblia ya Kiswahili ya Union Version, ya mwaka 1952, imeyafunga katika mabano, yakaonekana na kila msomaji. Mwenye kughushi hatii alama penye ghushi yake. Wala Utatu haukusimama juu ya maneno hayo: maaskofu waliupitisha Nicaea mwaka 325 na Constantinople mwaka 381 bila ya kuyategemea. Anayeyapiga anapiga nguzo isiyobeba dari.

Sisi hatuukubali Utatu, na tauhidi yetu ina hoja zake. Haihitaji kuazima mabano ya wengine.

Sasa tazameni kwetu. Fungueni kitabu cha fiqhi kilichohakikiwa kutokana na nuskha za maktaba za Nizwa. Chini ya ukurasa mtakuta: nuskha hii imeacha neno, ile imezidisha. Hatusemi kuwa sheikh ameghushiwa. Twasema mnakili alichoka, jicho likaruka mstari. Kwa nini kosa lile lile, likiwa kwa jirani, tuliite hila? Tumeamrishwa kutimiza mizani, na hatukuambiwa kuwa ni mizani ya sokoni tu.

Na jirani huyo si mgeni. Wengi wetu tuna wajomba na binamu Tabora na Mwanza, na baadhi yao ni Wakristo. Ndio wanaopokea maneno haya ya kejeli usiku, kutoka kwa damu yao.

Kwa hiyo, kabla ya kutuma, kijana na ajiulize: nuskha gani, ya karne gani, na nani aliyeigundua tofauti? Asiyekuwa na jibu, na anyamaze. Kisha amsalimie mjomba wake.