Ngoma ya umeme ikae sebuleni



Siku hizi tunapowasubiri watoto mlangoni kila Jumamosi, swali ni moja: tuwanunulie ngoma ya umeme au tusiwanunulie? Nazungumzia kile kibao cha vitufe vya mpira, aghalabu 16, kinachounganishwa na kompyuta kwa waya wa USB. Wapo wanaosema kitawapotezea watoto muda wa masomo. Wapo wanaosema si utamaduni wetu. Na wapo waliokwisha kununua, kikaenda moja kwa moja chumbani kwa mtoto na mlango ukafungwa.

Maoni yangu ni haya: anayeweza akinunue, lakini kikae sebuleni, na sauti zake ziwe zetu.

Nianze na utamaduni. Kibao hicho hakina sauti yake. Ukigonga kitufe, kinaiambia kompyuta tu kwamba kimepigwa, na kwa nguvu kiasi gani. Sauti hutoka kwenye programu. Vijana wa Dar es Salaam wanatengeneza singeli kwa kompyuta, na hakuna anayewaambia kwamba muziki huo si wao.

Shida ni kwamba programu huja na sauti zilizochaguliwa na watu wengine, na hesabu yake ya kawaida ni nne kwa nne. Chakacha haihesabiwi hivyo. Ibadilisheni iwe sita kwa nane. Zimeni pia ile sehemu inayonyoosha mapigo yenyewe, ili mtoto ategemee sikio lake. Kisha ahesabu kwa Kiswahili, moja hadi sita, kwa sauti. Mkono wa kushoto upige kwenye moja na nne. Wa kulia upige kwenye moja, tatu na tano. Mapigo hayo ya tatu juu ya mbili yamo katika ngoma nyingi za kwetu. Jaribuni na nyinyi wazazi, mtaona si rahisi.

Halafu sauti zenyewe. Kila kitufe kinaweza kubeba sauti iliyorekodiwa kwa simu: tari, makofi, kinu na mchi, hata kigelegele cha shangazi. Tunajua simu za watoto wetu kwa bibi zilivyo. "Shikamoo bibi." "Marahaba, hujambo?" "Sijambo." Basi, simu inarudi kwa mama. Mtoto anayetafuta sauti ya tari ana la kuuliza: Bibi, hii inaitwaje? Hupigwa lini? Wewe uliipiga kwenye harusi ya nani? Hapo Kiswahili kinakuwa na kazi, na mtoto hasahau lugha yenye kazi.

Ndiyo maana nasema sebuleni. Kwetu ngoma si kile chombo tu. Ni uchezaji pia, na ni mkusanyiko wa watu. Mtoto aliyejifungia na hedifoni anapiga vitufe, lakini ngoma hajaipata bado.

Najua wengi wetu hapa Uingereza tunaishi kwenye fleti, na majirani wako chini. Kinachowasumbua zaidi ni mtikisiko unaopita mezani hadi sakafuni. Wekeni blanketi lililokunjwa chini ya kibao, na muda wa kupiga uishe mapema jioni. Mkitumia hedifoni, ziwe za waya, kwa sababu za bluetooth huchelewesha sauti na mtoto hupoteza mapigo. Ikiwa bado inachelewa, shusheni kile kipimo kiitwacho bufa hadi 128. Ucheleweshaji wake utabaki kama milisekunde 3 tu.

Na hapa nasema kama muuguzi: Shirika la Afya Duniani linashauri watoto wasizidi desibeli 75 kwa saa 40 kwa wiki. Sikio likishaharibiwa na kelele, halirudi. Hiyo ni sababu nyingine ya kumweka mtoto mahali mnapomwona na kumsikia.

Kuhusu masomo, nusu saa baada ya kazi za shule haimharibii mtoto. Ila nusu saa hiyo iwe na mtu mzima pembeni anayepiga makofi, hata kama anakosea. Mwenye kibao akilete darasani Jumamosi ijayo, na kila mtoto aje na sauti moja kutoka nyumbani, akiwa anajua jina lake kwa Kiswahili.