Al-Islah: gazeti la wiki la Mombasa, na makabati yetu



Ndugu wasomaji, hapa Mombasa kila panapokuwa na baraza, iwe ya harusi au ya matanga, hakosekani mzee wa kulitaja jina la Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, Mwenyezi Mungu amrehemu. Atatajwa kwa ukadhi wake na kwa wanafunzi wake, na vijana watamtaja kwa mwanawe, Profesa Ali Mazrui, aliyefariki 2014. Gazeti lake ni nadra kutajwa, na ndilo tunalotaka kulizungumza leo, kwani tunaona lina deni juu yetu.

Sheikh alizaliwa Mombasa 1891. Alisoma hapa kwa Sheikh Suleiman bin Ali Mazrui, kisha Unguja kwa Sayyid Ahmad bin Sumeit na Sheikh Abdallah Bakathir. Alikuwa pia msomaji wa Al-Manar, jarida la Rashid Ridha lililokuwa likitoka Kairo tangu 1898. Mwaka 1930 akaanza kutoa karatasi aliyoiita Sahifa, na 1932 akaanzisha Al-Islah, gazeti la kila wiki lenye Kiswahili na Kiarabu. Jina lenyewe maana yake ni kutengeneza kilichoharibika.

Na kilichoharibika kilikuwa kingi. Kisiwa chetu ni kidogo, lakini tangu reli ilipoanza kujengwa 1896 na bandari ikahamia Kilindini, kila aina ya watu na biashara ilimiminika humu. Sheria ya hati za ardhi ya 1908 ilikuja na makaratasi ambayo wengi hawakuyaelewa. Mashamba yakauzwa, pesa zikaliwa harusini, na mwenye shamba wa jana akawa kibarua wa leo. Watu wa mji walilalamika, kama tunavyolalamika sisi, kwamba serikali ya Kiingereza imewaonea na wageni wamewapiku.

Sheikh hakuukana uonevu huo. Lakini aliposhika kalamu aliwageukia wasomaji wake mwenyewe. Aliwakemea kwa uvivu, kwa israfu, kwa kuuza ardhi na kwa kuwaacha watoto bila elimu, na mabinti pia aliwasemea haki yao ya kusomeshwa. Aliwaonyesha vijana kwamba wanawaiga Wazungu katika mavazi na starehe tu, na kuyaacha yale yanayofaa kuigwa: bidii ya kazi, umoja, kutunza wakati. Sasa fikirini, mtu huyu alikuwa akiandika katika mji ambao msomaji wake atakutana naye msikitini kabla ya adhuhuri! Gazeti la mji mkubwa laweza kumtukana mtu lisimwone tena. La kisiwani haliwezi. Ukimkosoa mtu Jumatatu, Ijumaa mtakuwa safu moja.

Jambo la pili linalotushangaza ni lugha. Mtu wa elimu kama yake angeweza kuandika Kiarabu kitupu na kusifiwa na maulamaa wenzake, na kweli historia ya ukoo wake aliiandika kwa Kiarabu. Lakini nasaha zake aliziandika kwa Kiswahili cha nyumbani, Kiswahili cha Mvita, ili mama aliye jikoni asomewe na aelewe bila mkalimani. Serikali nayo ilikuwa imeshaujua ufunguo huo, maana Mambo Leo lilikuwa likitoka Dar es Salaam kila mwezi tangu 1923.

Hatusemi kwamba kila alichoandika tungekitia sahihi. Kuhusu mavazi, kwa mfano, tunaona alikaza kamba kuliko ilivyohitajika, na wapo kati yetu wasiokubaliana nasi katika hili. Hilo si kumvunjia heshima. Mwenye kuandika gazeti huwa ameyatoa maneno yake barazani yajadiliwe.

Al-Islah halikutimiza hata miaka miwili. Sheikh alipewa ukadhi wa Mombasa 1932, akawa Kadhi Mkuu wa Kenya 1937 hadi kufariki kwake 1947. Kesi za mirathi na ndoa hazimwachii mtu usiku wa kuandika. Kwa maoni yetu, hapa ndipo lilipo kosa la mji mzima: gazeti lilimtegemea mno yeye. Mji uliokuwa na matajiri na wasomi haukuweza kulibeba. Mwanafunzi wake, Sheikh Muhammad Kasim Mazrui, alikuja kutoa Sauti ya Haki katika miaka ya 1970, na hesabu ni rahisi: hapo ilikuwa imepita miaka arubaini hivi.

Kilichookoka kimeokoka kwa sababu kilitiwa kitabuni. Makala za Sahifa zilikusanywa katika Uwongozi, kilichotoka Mombasa 1944. Mwaka 2017 kitabu hicho kikachapishwa Leiden, Uholanzi, Kiswahili chake na tafsiri ya Kiingereza vikiwa pamoja. Tunawashukuru waliofanya kazi hiyo. Lakini tunaona haya kidogo, maana mtoto wetu wa chuo kikuu leo humpata Sheikh wa mtaani kwake kwa kuagiza kitabu Ulaya.

Wala tusijitie kushangaa. Madrasa moja tuliyosoma sisi ilikuwa na karatasi yake ya kila Alhamisi, kurasa mbili, na sisi ndio tuliokuwa tukiibana pini. Mlikuwa na habari za waliohitimu, za maiti, za michango ya kisima, na mara nyingine ugomvi kuhusu mwezi kuandama. Ofisi ilipopakwa rangi, marobota yote yalitupwa. Nasi tuliokuwepo hatukuweka hata nakala moja. Leo habari kama hizo tunatumiana kwa simu, na simu ikianguka majini zimekwenda.

Ndiyo maana tunawaomba mfungue makabati. Si lazima liwe gazeti mashuhuri: tangazo la maulidi, ratiba ya madrasa, barua ya kamati ya msikiti, vyote ni mali. Vipigeni picha pande zote mbili, andikeni mwaka na jina la aliyewapa, na nakala moja ikae nyumba nyingine. Wanafunzi, hii ni kazi ya likizo moja tu.

Tulipoanza kuuliza mitaani, bibi mmoja wa Mji wa Kale alitwambia karatasi za marehemu mumewe zimo kwenye gunia la mchele chini ya kitanda, na mchwa ameshaanza upande mmoja. Tumeahidiana naye Jumamosi baada ya alasiri.