Barua kwa Wenye Nyumba za Kupanga wa Ukunda, Diani na Msambweni



Tangu tarehe 1 Oktoba 2015, sheria ya England humtaka mwenye nyumba ya kupanga aweke kigunduzi cha moshi, yaani kifaa kidogo cha duara kinachohisi chembe za moshi hewani na kupiga king'ora, walau kimoja katika kila ghorofa inayokaliwa, na ahakikishe kinalia siku mpangaji anapoanza kukaa. Akipuuza, hutozwa faini inayoweza kufika pauni 5,000. Mzigo huo amebebeshwa mwenye nyumba kwa haki kabisa, kwa kuwa mpangaji hupita na nyumba hubaki.

Nchini Kenya, kanuni za mwaka 2007 za kupunguza hatari ya moto zimeelekezwa mahali pa kazi, hivyo hoteli za Diani zinaguswa, ilhali nyumba ya vyumba ya Ukunda, ambamo familia kadhaa hulala zikitenganishwa na ukumbi mmoja tu, haimo. Usiku milango hufungwa, madirisha yana nondo, na njia ya kutokea ni ukumbi huohuo ambao moshi huujaza kwanza. Wala moshi haumwamshi aliyelala, bali gesi ya kaboni monoksidi iliyomo ndani yake humzidishia usingizi.

Kwa hiyo mahali pa kifaa ni darini, katikati ya ukumbi, sentimita 30 au zaidi kutoka ukutani, na mbali na jiko, maana kinacholia kila samaki anapokaangwa huishia kung'olewa betri. Kitufe chake hubonyezwa kila mwezi, na baada ya miaka 10 hivi kifaa chenyewe hubadilishwa. Ifahamike pia kwamba hakihisi kaboni monoksidi ya jiko la mkaa lililoingizwa chumbani wakati wa mvua. Gesi hiyo ina kigunduzi chake.

Penye paa la makuti kifaa hakitoshi, kwa sababu upepo wa kaskazi hurusha cheche toka paa hadi paa, na hapo dirisha linalofunguka kwa ndani lina thamani kuliko king'ora.

Baadhi ya nyumba hizi za kupanga zimejengwa kwa fedha zilizotumwa kutoka ughaibuni, na wenyewe huishi chini ya dari zenye vigunduzi. Hao na wawe wa kwanza: kabla kodi ya mwezi ujao haijapokewa, kifaa kiwe kimekwisha kufungwa ukumbini.